Mtamba wa Gendabi na Kitabu cha Karata

Mzee Jumanne alifika siku ya tatu ya msiba, watu wameshaanza kukunja mikeka. Mjukuu wake alimleta kwa gari kutoka Babati, akamwingiza sebuleni amemshika mkono, na pamoja na uzee wake wote alikataa kukaa mpaka nimwamkie. "Shikamoo, shemeji," nikasema. "Marahaba, Zaina. Pole sana. Ramadhani ametutangulia." Akakaa, akapewa chai, akaipuliza, akanyamaza muda mrefu. Nilidhani amesinzia, kumbe alikuwa anajipanga. Akainama upande wangu na kuongea kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo, ila kwa kuwa masikio yake yamechoka, sebule nzima ilisikia. "Shemeji, nisije na mimi nikafa na hili jambo tumboni. Ile siku ya mtamba wako, sikuwa na kitu. Karata tano, zote takataka." Nikamjibu, "Nilijua, shemeji. Nilijua siku ile ile, hata Ramadhani hajafungua mdomo." Akanikazia macho yake yenye ukungu, akasema, "Ulikuwa jikoni wewe." Nikasema, "Ndiyo, jikoni." Basi hapo nikacheka. Nilicheka kwenye msiba wa mume wangu, khanga kichwani, mpaka wifi yangu akanivuta gauni akidhani kilio kimenigeukia. Hakikunigeukia. Ilinirudia tu nafuu ya mchana ule, nzima nzima, kana kwamba mvua ile bado inanyesha juu ya bati.

Wajukuu wangu walitaka kujua mtamba gani tena, na karata gani, maana bibi yao wanamjua kwa swala na kwa kukagua madaftari ya shule. Ni haki yao kujua. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke mpya katika nyumba ya duka pale Katesh, enzi za Mwingereza, mashamba ya ngano chini ya mlima Hanang yakiwa ya wazungu na barabara ikiwa ya yeyote mwenye ujasiri wa kuipita. Nyumba yetu ilikuwa na duka mbele, stoo katikati, jiko nyuma. Stoo ilijaa ngozi za ng'ombe zilizokaushwa, madebe ya mafuta ya taa na chumvi ya ziwani katika magunia, na harufu ya vitu hivyo vitatu iliingia mpaka kwenye ugali. Kati ya stoo na jiko palikuwa na ukuta wa mbao tu, mbao zenyewe zimepishana vibaya. Mtu akipiga chafya stoo, aliyeko jikoni anasema "afya". Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chumba chake pembeni, na huko aliswali, alilala mchana, na alitusikia sote.

Jumanne alikuwa dereva wa lori, amemzidi Ramadhani kama miaka kumi hivi. Lori lilikuwa lake mwenyewe, jambo kubwa siku zile. Alibeba ngano mpaka Arusha, na huko ndiko alikojifunza poka kutoka kwa madereva wenzake. Kabla yake wanaume wa Katesh walicheza karata za kawaida, za kupoteza muda na kutukanana kidogo. Yeye akawaletea mchezo wa kuwekeana vitu. Mwanzoni waliweka njiti za kiberiti. Baadaye njiti zikaonekana utoto, na ndani ya miezi michache mume wangu alikuwa ameshapoteza taa ya karabai, koti la mvua na bukta ambayo hata sijui Jumanne aliitakia nini. Kila akipoteza alirudi na maelezo. Karata zilichangwa vibaya. Fundi cherehani alimkalia kwenye mwanga. Sikumgombeza, maana nilikuwa mgeni nyumbani kwa watu, lakini moyoni niliihesabu ile karabai, kwa kuwa tulikula gizani.

Kisha mzungu mmoja wa kule Gitting akauza shamba na vitu vyake arudi kwao, na Ramadhani akaenda mnadani kutafuta jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa kiu yake ya siku zote. Duka lilikuwa la mama yake, yeye alitaka shamba. Plau ikapanda bei ikamshinda, akarudi na sanduku la makorokoro, kikaango, chandarua chenye matundu, na vitabu vitatu. Viwili vilikuwa vya kufuga kuku. Cha tatu juu yake kilichorwa mkono ulioshika karata tano. Aliniletea jikoni amekificha ndani ya shati, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota dhahabu. "Zaina, wewe si ulisoma mpaka la nane kwa masista? Kiingereza hiki kinakushinda?" Nikamwambia, "Masista hawakutufundisha kamari." Akasema, "Si walikufundisha kusoma? Wewe soma, dhambi niachie mimi."

Tulianza hivyo. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mama mkwe akiwa amejinyoosha, tulikaa jikoni mimi na kitabu, yeye na maharage. Kiingereza cha kitabu hakikuwa cha masista. Yalikuwemo maneno ambayo hata kamusi yangu ya shule haikuyajua, ikabidi tuyape majina yetu wenyewe. Karata mbili zinazofanana tuliziita pacha. Tano zinazofuatana zikawa ngazi. Tano za ukoo mmoja, kopa tupu au uru tupu, zikawa ndugu watano. Tatu za aina moja pamoja na pacha tukaiita nyumba iliyojaa. Mpaka leo nikiona familia kubwa imekaa mezani ninaliwaza jina hilo. Kuweka kwa nguvu wakati huna kitu, ili mwenzio akimbie, tuliita kutisha.

Nilichokuta ndani sikukitegemea. Nilidhani kitabu cha kamari kitafundisha ujanja wa vidole. Kilifundisha hesabu. Kilisema, una kopa nne mkononi unangoja ya tano, basi usiulize moyo wako, uliza karata usizoziona. Nikachukua beseni, nikatia maharage mekundu tisa kwa ajili ya kopa zilizobaki, na meupe thelathini na nane kwa zilizosalia, nikamwambia Ramadhani afumbe macho achote moja. Akachota jeupe. Akachota tena, jeupe. Akarudisha na kuchota mpaka akakasirika. "Haya maharage yamerogwa." Nikamwambia hayajarogwa, ndivyo yalivyo, mara nne kati ya tano utaambulia patupu, na huko stoo kila siku wewe unangoja kopa ya tano. Alilitazama beseni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoona karabai yake ilivyokwenda. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani, "Mnasoma nini nyie?" Nikajibu, "Hesabu, mama." Na haikuwa uongo.

Nilikipenda kitabu kile, nasema wazi. Nilikuwa na kichwa kilichozoea kufanya kazi, kikaolewa na kupewa sufuria, na sasa kimepata chakula chake. Tulipocheza wawili, tukiwekeana maharage, nilimmaliza. Maharage niliyomshinda niliyapika, akala na kulalamika kwamba yana chumvi nyingi. Shida yake ilikuwa moja. Sura ya kutisha aliitaka tuirudie kila siku. Sura ya kutupa karata, yaani kujitoa ukaacha ulichoweka, hakuitaka hata kidogo, nayo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. "Kutupa, kutupa, kila ukurasa kutupa. Huyu mzungu aliandika kitabu cha kucheza au cha kufagia?" Nikamwambia mwenye kitabu anasema mchezaji mzuri hutupa karata nyingi kuliko anazocheza. Akasema, "Ndiyo maana aliuza shamba."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kitabu hakikulijua. Kilisema mtazame mpinzani machoni, tazama mikono yake, tazama koo likimeza mate. Ramadhani akaniangalia kama nimepungukiwa. "Nimkodolee macho kaka Jumanne? Nimempa shikamoo mlangoni, halafu nikae namchungulia usoni kama mbuzi?" Alikuwa na haki. Kwetu mdogo hamtazami mkubwa hivyo, na yeye mwaka mzima alikuwa akicheza ameinamisha kichwa, wakati Jumanne anamsoma kama bango. Kitabu kiliandikwa na watu wanaotazamana. Nikafikiri siku mbili nzima nikipeta mtama, kisha nikamwambia, "Basi usimtazame. Msikilize." Akaniuliza asikilize nini, Jumanne anaongea tu kama redio. Nikasema sijui, lakini kila mtu ana namna anavyoongea akiwa nacho na anavyoongea akiwa hana, muulize mwenye duka yeyote. Akajaribu, hakusikia kitu. Akaja na wazo lake. Mimi nikae jikoni nisikilize kwa niaba yake, nikigundua jambo nigonge sufuria kwa mwiko. Nikakataa palepale. "Kamari tayari ni dhambi. Unataka tuongeze na wizi?"

Sasa niseme habari ya mtamba. Alikuwa mwekundu, paji jeupe, mahari yangu. Alitolewa mbele ya mashahidi siku ya ndoa, na kwa kuwa mjini hakuna malisho, alipelekwa Gendabi kwa Gidamis, mfugaji tuliyemrithi kama rafiki wa nyumba ile. Gidamis alimchunga pamoja na ng'ombe watatu wa Ramadhani. Maziwa yalikuwa yake Gidamis, ndama walikuwa wetu, na urafiki ulikuwa wa wote. Sheria inasema mahari ni mali ya mke. Lakini sheria husomwa msikitini, na ng'ombe hulala zizini, na zizini hapo ng'ombe wote wanne waliitwa ng'ombe wa Ramadhani. Wanawake wenzangu wa Katesh walikuwa na mahari za namna hiyo, zimeuzwa, zimechinjwa, zimelipia bati, na hakuna aliyeulizwa. Mama mkwe aliniambia siku ya pili tu ya ndoa, huku anachagua mchele, "Mwanangu, wangu aliliwa. Wewe wako mwangalie." Sikuwa na kitu kingine duniani. Nguo zangu alinunua Ramadhani, kitanda cha kwao. Yule mnyama alikuwa ndiye kitu pekee ambacho, kama kesho ningeambiwa ondoka, ningeondoka nacho.

Kumbe Jumanne naye alipata plau. Ile ile ya mnadani aliinunua yeye, na maksai wawili waliofundishwa kazi. Ramadhani alipopata habari hakulala. Baada ya siku chache akaja jikoni, akachezea maharage kidogo, akasema bila kuniangalia, "Zaina, nikikuomba yule mtamba nimweke kama dhamana ya mchezo, siku moja tu." Nikasema hapana. "Si nitamrudisha? Sasa hivi mchezo naujua." Nikasema, "Unaujua nusu. Na hata ungeujua wote, hapana." Jioni hiyo alikula makande bila kusema neno, akaacha hata maziwa mgando. Niliogopa sana. Nilijua kwamba amekuja kuomba, na mwanaume aliyeomba akanyimwa bado anaweza kuchukua. Nani angemzuia?

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya masika. Barabara ya Babati ilikuwa imekatika, lori la Jumanne limekaa uwanjani wiki nzima, na mwenye lori amechoka kukaa bure. Baada ya swala wakaingia stoo wanne, Ramadhani, Jumanne, fundi cherehani na mnunuzi wa ngozi. Wakakaa juu ya magunia ya chumvi. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mlenda, mvua inapiga bati, ikipungua nasikia kila kitu. Sikuwa nimekusudia kusikiliza kwa ajili ya mtu yeyote, lakini masikio hayana mlango. Na mchana ule ndipo nilipomkamata Jumanne. Akiwa na karata nzuri alikuwa bubu, anapuliza chai yake tu, puu, puu, na mwishowe anafungua nyumba iliyojaa au ngazi. Akiwa hana kitu alianza methali, na akilazimishwa kufungua ni takataka tupu. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Mara ya tatu niliacha kukoroga. Mtu mzima mwenye lori, akiwa mtupu anajifunika kwa maneno ya wahenga.

Ramadhani alicheza vizuri, nilimsikia. Alitupa, akatupa, mpaka fundi cherehani akamuuliza kama amekuja kufagia, na mimi kule jikoni nikatabasamu. Kisha ikaja duru moja. Nilimsikia akisema, "Nabadilisha moja," na sauti yake ikatulia mno, ile sauti aliyoitumia nilipokuwa namfundisha na amepata kitu. Baadaye aliniambia, alikuwa na pacha wa bibi na pacha wa nane, akavuta bibi wa tatu. Nyumba iliyojaa. Jumanne akasema, "Mimi natosheka," hakubadilisha hata moja. Wakaanza kuweka. Wale wengine wawili wakatupa karata zao. Ramadhani akaweka baiskeli yake, ambayo ndiyo iliyokuwa inalisha duka. Jumanne akasema, "Naweka plau na maksai wote wawili. Na wewe, baiskeli haitoshi. Ongeza yule mtamba wa Gendabi."

Mvua ilipungua kama iliyoamriwa. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, mlenda unaungua, sikuusogeza. Jumanne akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mdogo wangu." Kisha akasema, "Mwoga hunawa kushoto." Hapo nikajua kwa yakini, kama ninavyojua jina langu, kwamba yule mtu hana kitu. Akaongeza na ya tatu, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Plau ilikuwa yetu. Shamba alilolitamani Ramadhani lilikuwa letu. Hata bila methali, kitabu chenyewe kingemwambia Ramadhani aweke, maana anayetosheka mara nyingi ana ngazi au ndugu watano, na nyumba iliyojaa inavipita vyote viwili. Hesabu yote ilikuwa upande wake, na mimi mwalimu wake nilisimama nyuma ya mbao nikiomba kwa nguvu zangu zote asiifuate. Nilijua atashinda, na bado sikutaka. Akimweka leo akashinda, kesho atamweka tena, na keshokutwa, na siku yoyote beseni linaweza kutoa jeupe. Mnyama aliyewekwa mezani mara moja na mtu asiye mwenyewe ameshakuwa wa meza.

Ramadhani akasema, "Natupa." Nikasikia karata zikianguka kwenye gunia. Jumanne akacheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu, ingawa siku ile wenzake walilisikia kama la ushindi. "Unatupa? Ng'ombe mmoja tu, bwana." Na Ramadhani akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wanaume watatu, "Yule si wangu. Ni wa Zaina." Fundi cherehani akauliza, "Kwani wewe ulioa au uliolewa?" Wakacheka mpaka ngozi zikadondoka ukutani. Utani ule ulimfuata miaka. Sokoni walimuuliza kama amepewa ruhusa ya kununua tumbaku. Alijibu, "Nimepewa, ila ya robo tu," akaendelea na safari yake.

Walipoondoka akaja jikoni, amelowa kwa kuwasindikiza, akakaa kwenye kigoda. Kulikuwa na harufu ya mlenda ulioungua. "Nimetupa bibi watatu na nane mbili," akasema. "Nimefanya ujinga?" Nikamwambia ukweli, sikuona kwa nini nimfiche. Nikamwambia hakuwa na kitu, akiwa hana anasema methali, na leo amesema tatu. Akafikiri. "Kwa hiyo ningeshinda." "Ungeshinda." "Na plau ingekuwa pale uani saa hizi." "Ingekuwa pale." Nilingoja hasira, nikijiambia kama atanipiga na anipige sasa hivi. Akajifuta mvua usoni kwa kiganja, akasema, "Bado asingekuwa wangu." Nikakaa chini sakafuni palepale penye majivu, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni akamwona mama yake. Yeye alihangaika, akidhani nalilia baiskeli. Mama mkwe akauliza kulikoni huko. Ramadhani akamjibu, "Hesabu, mama." Ndani ya kitabu kulikuwa na sura fupi iliyosema usipime uamuzi kwa matokeo yake. Nimefundisha hesabu shule za serikali miaka mingi, na nimeona watu wengi walioshinda mara ya kwanza. Nikikumbuka kigoda kile na yule kijana aliyelowa juu yake, bado napumua vizuri.

Masika yalipoisha Gidamis alituma salamu kwamba mtamba amezaa. Tulikwenda Gendabi kwa miguu, baiskeli ikiwa kwa mwenyewe mpya, tukalala njiani kwa jamaa, tukafika asubuhi ng'ombe hawajatoka. Ndama alikuwa jike, mwekundu kama mama yake. Gidamis alitupa maziwa kwenye kibuyu, akauliza habari za mvua za kwetu na sisi tukauliza za kwake, kisha akachukua kisu kidogo cha kukatia alama za masikio, akamwambia Ramadhani, "Hii ndama tunakata kama zile zako, sikio la kushoto." Ramadhani akasema, "Muulize mwenye mali." Gidamis akamtazama aone kama ni mzaha, kisha akanigeukia mimi. Mwaka mzima alikuwa akinisalimia vizuri tu, lakini swali la ng'ombe hakuwahi kuniuliza. "Mama, alama yako wewe ni ipi?" Nikamwambia sina. "Mwenye ng'ombe lazima awe na alama," akasema, akasimama akingoja, na wake zake nao wakaacha kukamua wakatazama. Nikafikiri. Nikasema sikio la kulia, kwa chini, mara mbili. Gidamis akalirudia ili alikariri, akapiga goti. Ramadhani akavua koti, akaingia kwenye samadi mpaka vifundo vya miguu, akamshika ndama kichwa.